Hapana, hutapigwa ukivaa jezi ya England Dublin (na mambo mengine nimechoka kuyarudia)

Mechi ya raga ya Ireland na England ikikaribia simu yangu haitulii, na swali ni lile lile kila mwaka, tena linakuja kwa voisi noti ndefu mpaka naiweka spika niendelee kuosha vyombo: kaka mi nna jezi yangu ya England, nikija nayo Dublin si watanipiga? Mwingine anataka nimtafutie hoteli nje ya mji maana kasikia wale watu wana uadui wa damu. Kuna dada mmoja alikuwa ameshalipia kila kitu, akaomba nimuweke jukwaa la Waingereza peke yao ili awe salama, nikamwambia dada kwenye raga hakuna jukwaa la Waingereza peke yao, mnakaa mchanganyiko, akaona namdanganya ili nimuuzie siti iliyobaki.

Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Dublin, wengi wao Watanzania na Wakenya wanaotoka London na Dubai, wachache wanatoka nyumbani moja kwa moja, na wakija kwa ajili ya mechi mimi ndo nashughulika na tiketi, usafiri, ziara ya Croke Park, uwanja mkuu wa michezo ya Kigaeli, yaani ya asili ya Ireland, na wapi pa kunywa baada ya filimbi. Kwahiyo naandika hapa mara moja, nikiulizwa tena natuma linki tu.

Dhana inayonichosha kuliko zote: "Waairishi wanawachukia Waingereza, ile mechi ni vita"

Inakotoka naelewa. Historia ipo na ni nzito. Waingereza walitawala hiki kisiwa karne kwa karne na michezo nayo ikaingizwa humo humo kwenye siasa. Chama cha michezo ya Kigaeli, GAA, kilianzishwa 1884 pale Thurles ili vijana wacheze michezo ya kwao, na kwa miaka mingi sana mwanachama akikutwa anacheza soka, raga, hoki au kriketi anafungiwa. Hata kuangalia tu ilikuwa kosa. Mwaka 1938 walimvua ulezi wa chama rais wa nchi, Douglas Hyde, kisa alienda kuangalia soka, Ireland na Poland. Rais wa nchi! Hiyo marufuku ilikuja kuondolewa 1971.

Na kuna tarehe 21 Novemba 1920. Asubuhi yake watu wa Michael Collins, kiongozi wa wapigania uhuru wa Ireland, waliua maofisa wa ujasusi wa Kiingereza hapa mjini, mchana vikosi vya Uingereza vikaingia Croke Park, Dublin wanacheza na Tipperary mpira wa Kigaeli (unachezwa kwa mikono na miguu), vikafyatua risasi kwenye mechi. Walikufa watu 14, watatu kati yao watoto, na mmoja alikuwa mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan. Lile jukwaa kubwa la Croke Park leo linaitwa Hogan Stand kwa jina lake. Nikifika hapo na wageni huwa nawaomba washushe simu kidogo kabla ya kuanza selfi.

Sasa mtu akisikia hayo anafunga hesabu, basi, wanachukiana. Haya, sikiliza hii. Mwaka 2005 GAA walipiga kura kulegeza kanuni yao ya 42, ile iliyozuia michezo ya "kigeni" uwanjani kwao, kwa sababu uwanja wa raga na soka wa Lansdowne Road ulikuwa unaenda kubomolewa ujengwe upya na timu za taifa zingekosa pa kuchezea. Ratiba ikapangwa, na tarehe 24 Februari 2007 England wakaja kucheza raga Croke Park. Maana yake wimbo wa God Save the Queen upigwe kwenye majani yale yale. Nchi nzima ilibishana, wazee wengine walisema hawataki kuona, nje ya uwanja siku yenyewe palikuwa na kikundi kidogo kimeshika mabango.

Ndani, watu zaidi ya 80,000 walisimama kimya mpaka wimbo ukaisha, halafu wakapiga makofi. Ukafuata wimbo wa Ireland na hapo ndo utafute video uangalie nyuso za wachezaji, kuna John Hayes, jitu la mkoa wa Munster, mwili kama mlango wa ghala, analia machozi yanashuka bila kujificha. Kisha wakaanza mechi na England wakachapwa 43-13. Kipigo ambacho mpaka leo ukiingia baa yoyote ya hapa ukataja hizo namba mbili tu, mtu atakuonyesha alikuwa amekaa wapi. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ambayo wazee wa GAA wanaipenda zaidi ni ya Shane Horgan, Ronan O'Gara kapiga mpira wa juu kuvuka uwanja mzima, Horgan karuka kaudaka juu ya kichwa cha mtu kama yuko kwenye mpira wa Kigaeli, kaanguka nao ndani ya mstari.

Na kuna kitu nawaonyesha wageni kwenye kikosi cha England cha siku ile. Namba 12 anaitwa Andy Farrell. Huyo huyo ndiye kocha mkuu wa Ireland tangu baada ya Kombe la Dunia la 2019, mtu wa Wigan, kaskazini ya England, anaongea Kiingereza cha kwao kule. Mwanae Owen amekuwa nahodha wa England. Kwahiyo kuna miaka baba anaifundisha Ireland na mwana anaongoza England, wanakutana uwanjani, na Waairishi wako nyuma ya baba asilimia mia. Niambie hiyo chuki inakaa wapi hapo.

Turudi nyuma zaidi maana mwenye kubisha ataniambia hayo ya 2007 ni wakati wa amani. Januari 1972 wanajeshi wa Kiingereza waliua waandamanaji 13 kwa siku moja mjini Derry, Ireland Kaskazini, siku chache baadaye ubalozi wa Uingereza hapa Dublin, pale Merrion Square, ukachomwa moto. Scotland na Wales wakagoma kuja kucheza raga Dublin msimu ule. Ireland walikuwa wameshashinda mechi mbili za ugenini, Paris na Twickenham (uwanja wa raga wa England, London), wakabaki na maswali mpaka leo maana michuano haikumalizika. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya England kuja. Hali haikuwa imetulia hata kidogo. England wakaja. Februari 1973 walipotoka kwenye handaki la Lansdowne Road watu walisimama wakapiga makofi, wakapiga, wakapiga, wachezaji wamesimama hawajui wafanye nini. Wakafungwa 18-9. Usiku kwenye chakula nahodha wao John Pullin akasimama akasema sisi huenda sio wazuri sana, lakini angalau huwa tunakuja. Hilo neno Waairishi wanalikumbuka kuliko Waingereza wenyewe, nimewahi kuongoza Waingereza hapa walilisikia kwangu kwa mara ya kwanza, mimi mtu wa Tanga.

Ukija uwanjani wewe mwenyewe utaona kitu kingine. Mpigaji akisimama kupiga penati, awe wa Ireland au wa England, uwanja unanyamaza. Hamna kuzomea. Limerick pale Thomond Park ukimya ni mkali mpaka unasikia mtu wa mbali anakohoa, na Dublin pia wanajitahidi. Mgeni wangu mmoja alipiga mluzi wakati mchezaji wa England anajiandaa, mama mmoja wa Kiairishi amevaa kijani kuanzia kofia mpaka soksi akageuka akamwangalia tu. Hakusema kitu. Jamaa alikaa kimya mpaka mapumziko.

Baada ya mechi ndo kabisa. Wanatoka wote pamoja, reli ya DART inapita chini ya uwanja pale pale, baa za Beggars Bush na Baggot Street zinajaa mpaka watu wanasimama barabarani, kijani na nyeupe wamebanana, wanatukanana vizuri tu huku wananunuliana bia. Na hapa nina ushauri wangu ambao nautoa kwa kila mgeni hata asiponiuliza: ukiingia kwenye kundi wanakunywa kwa raundi. Yaani mmoja ananunua za wote, akimaliza anafuata mwingine. Ukinunuliwa nne na wewe ukajifanya unaenda chooni zamu yako ikifika, hapo ndo utachukiwa Dublin, na sio kwa sababu ya jezi. Hunywi pombe? Sema mapema, chukua soda, na bado nunua raundi yako. Nimeona watu wamevaa jezi ya England na skafu juu wamekaa mpaka usiku wanaimba na wenyeji, na nimeona ndugu yetu mmoja amevaa kijani tupu wanamkwepa kwa sababu ya ubahili.

Sasa nisionekane nawapamba. Hamu ya kuifunga England ipo, kubwa kuliko ya kumfunga mtu mwingine yeyote, na wapo wengi ambao England ikicheza na yeyote wao wako kwa huyo yeyote. Fainali ya Euro ile ya Italia na England pale Wembley, baa nyingi hapa ungedhani uko Napoli. Kwenye soka mambo ni makali kuliko raga: Februari 1995 mechi ya kirafiki Lansdowne Road ilivunjwa dakika ya 27 baada ya wahuni wa England kung'oa viti na kuvirusha chini kwa watu, Ireland wanaongoza 1-0. Na Septemba 2024 England walipokuja Dublin wimbo wao ulizomewa na sehemu ya uwanja. Ndo maana kwenye soka mashabiki wageni wanakaa sehemu yao, na ushauri wangu ni tofauti, jezi ya soka ya England vaa ukiwa kwenye sehemu yenu, mtaani weka koti juu. Sio kwamba utauawa. Kuna vijana wamelewa kila nchi.

Ila mtu yule yule anayezomea Jumamosi hii, wiki ijayo alfajiri unamkuta uwanja wa ndege wa Dublin na jezi ya Liverpool au Man United anawahi ndege kwenda kwenye ligi. Dada yake ni nesi Birmingham. Babu yake alijenga barabara za England miaka ya 50, maana miaka ile Waairishi walihamia kule kwa malaki kutafuta kazi, ujenzi, hospitali, viwanda. Raia wa Ireland akikaa Uingereza anapiga kura kwenye uchaguzi mkuu wao, hahitaji kibali cha kazi. Ni watu wa karibu mno, na ndo maana kuwafunga hawa kuna utamu ambao kumfunga Mwitaliano hauna. Anachodai Mwairishi siku ya mechi ni kwamba sisi ni sisi, tuna timu yetu, na leo mtatujua. Nikisema hivyo mgeni anaitikia "sawa sawa kaka", halafu anauliza tena kama nimempatia hoteli nje ya mji.

"Ireland si ni sehemu ya Uingereza tu"

Hapana, na usiliseme hili kwa sauti kwenye teksi. Ireland ni jamhuri, ina rais wake, inatumia yuro, iko Umoja wa Ulaya. Kilichomo ndani ya Ufalme wa Muungano ni Ireland Kaskazini, kona ya juu ya kisiwa, makao yake Belfast, tangu kisiwa kilipogawanywa 1921.

Hapo ndo panakuja swali la pili ambalo ni halali: mbona kwenye raga ni timu moja na kwenye soka ni mbili? Kwa sababu chama cha raga kilianzishwa 1879, kabla ya mgawanyiko, na mpaka ulipochorwa wao hawakujigawa. Mikoa minne, Leinster, Munster, Connacht na Ulster, timu moja. Ndondi, hoki, kriketi, hivyo hivyo kisiwa kizima. Soka wao waligombana, Belfast walikuwa na chama tangu 1880, Dublin wakajitenga 1921 wakaanzisha chao, hawajarudiana. Mtanzania hili anatakiwa alielewe haraka kuliko wote, Zanzibar ina timu yake CECAFA na kwenye Kombe la Dunia tunafuzu au tunakosa kama Tanzania, na hatujawahi kuona ajabu.

Kwahiyo kwenye jezi ya kijani ya raga kuna watu wa Kaskazini ambao nyumbani kwao bendera inayopepea ni ya Uingereza. Willie John McBride wa Ballymena, Rory Best aliyekuwa nahodha Ireland waliposhinda Twickenham 24-15 na kubeba Grand Slam (kushinda mechi zote za michuano ya mwaka) siku ya Mtakatifu Patrick 2018 theluji inadondoka, wote watu wa Ulster. Mkataba wa amani wa 1998 unamruhusu mtu wa Kaskazini kujiita Mwairishi, Mwingereza wa Ufalme wa Muungano, au vyote viwili, na raga ilikuwa inaishi hivyo zamani kabla ya mkataba.

Hii ndo sababu pia ya ile "mbona wameimba nyimbo mbili za taifa". Dublin wanaanza na Amhrán na bhFiann, wimbo wa jamhuri, halafu wanaimba Ireland's Call, uliotungwa na Phil Coulter mwaka 1995 maalum ili na wa Kaskazini wawe na kitu cha kuimba. Ugenini wanaimba huo wa pili peke yake. Kuna Waairishi wanaona ni wimbo wa hovyo kimuziki. Sitii neno, ila siku ya mechi wote wanaupiga kwa kifua.

"Timu ya soka ya Ireland imejaa mamluki wa Kiingereza"

Hili analisema hata mtu mwenye mjomba Mwarabu, bibi Mmanyema na paspoti mbili. Kanuni ni wazazi au babu na bibi. Babu kazaliwa Mayo, hapa Ireland, kahamia Manchester, mjukuu anaongea kama Mmanchester ila ana haki ya kuchezea Ireland, na ana haki ya paspoti pia. Hicho kizazi ndo kilichojenga timu bora ya Ireland. Kocha Jack Charlton, Mwingereza halisi, bingwa wa dunia na England 1966, alichukua Ireland 1986 akaanza kutafuta babu na bibi za watu. Tarehe 12 Juni 1988 Stuttgart, kwenye Euro, dakika ya sita, kichwa cha Ray Houghton, Ireland 1 England 0. Houghton kazaliwa Glasgow. Nahodha wa Kombe la Dunia 1990, Mick McCarthy, kazaliwa Barnsley, England, na kule Cagliari, Italia, alipowasawazishia England 1-1 alikuwa Kevin Sheedy, mzaliwa wa Wales. Charlton mwenyewe alipewa uraia wa heshima wa Ireland 1996, na uwanja wa ndege wa Cork kuna sanamu yake ameshika samaki. Mwingereza, sanamu, Cork. Cork ambayo inajiita ya waasi!

Na mlango unafunguka pande zote mbili, ndo kinachowauma. Declan Rice alishacheza mechi tatu za kirafiki na Ireland ya wakubwa kabla hajahamia England. Jack Grealish alipita timu za vijana za Ireland. Septemba 2024 wakarudi Dublin na England, wakazomewa kila walipogusa mpira, na waliofunga ni nani? Rice na Grealish. 2-0. Rice hakushangilia. Na kocha wa muda wa England siku ile ni Lee Carsley, mzaliwa wa Birmingham aliyeichezea Ireland mara 40, aliyesema wimbo wa taifa haimbi maana hata alipokuwa mchezaji hakuwa anaimba, magazeti ya London yakamshukia kama kaiba. Kriketi nako Eoin Morgan, kijana wa Dublin, ndiye nahodha aliyeipa England Kombe la Dunia 2019. Ukitaka kupiga kelele za mamluki anzia hapo.

Siku hizi kuna wengine tena. Chiedozie Ogbene kazaliwa Lagos kakulia Cork, kacheza mpira wa Kigaeli utotoni, anaichezea Ireland. Msikilize akiongea kisha uniambie sio wa Cork.

Mengine kwa kifupi maana haya hayastahili aya ndefu:

"Roy Keane alikuwa Mwingereza." Wa Cork. Sisi tuliokua na Man United ya Ferguson tulimuona anaongea Kiingereza tukajua yametosha. Denis Irwin pia wa Cork. George Best wa Belfast.

"Ireland huwa anafungwa tu na England." Kwenye soka nakubali, ushindi wao wa mwisho ni ule wa 1988, na Novemba 2024 walikula tano Wembley. Kwenye raga sikubali. 2001, 2011, 2018, mara tatu England wanakuja kwenye mechi ya Ireland na hesabu zao au jeuri zao na wanaondoka wamenuna, na Machi 2023 Ireland walimalizia Grand Slam hapa hapa Dublin kwa kuwafunga 29-16. Ila 2024 Marcus Smith wa England alifunga kwa mkwaju wa kudondosha (drop goal) dakika ya mwisho Twickenham, England wakashinda 23-22, Ireland wakakosa Grand Slam wakachukua ubingwa wakiwa wamekunja uso.

"Hungary ndo wa kwanza kuifunga England kwao." Kwenye soka ile 6-3 ya 1953 ni maarufu, lakini Septemba 1949 Ireland walishinda 2-0 Goodison Park, Liverpool. Con Martin kwa penati, Peter Farrell la pili, na Farrell alikuwa mchezaji wa Everton, yaani kafunga kwenye uwanja wake wa kazi. Waingereza wanasema hao hawahesabiki kama wageni kamili. Wakishinda ni wageni, wakifungwa ni ndugu.

"Raga ndo mchezo wa taifa hapa." Hapana. Hurling (mchezo wa fimbo na kampira kadogo) na mpira wa Kigaeli ndo vinavyojaza Croke Park, watu 82,000, wachezaji hawalipwi mshahara, Jumatatu mtu anarudi kufundisha shule. Na Waingereza hawamo kabisa kwenye rekodi hizo, isipokuwa London, ambayo ina timu ya Waairishi wa kule na iliwahi kubeba ubingwa wa hurling wa 1901.

"Jukwaa la Hill 16 pale Croke Park limejengwa kwa kifusi cha mapinduzi ya 1916 dhidi ya Waingereza." Hili wanaliamini Waairishi wenyewe, na wataapa. Tuta lile lilikuwepo tangu 1915, na kwanza liliitwa Hill 60, jina la kilima cha vita Gallipoli ambako walipigana askari wa Kiairishi ndani ya jeshi la Mwingereza. Jina likaja kubadilishwa, hadithi ya kifusi ikafuata nyuma. Nikilisema hili kwenye ziara kuna wenyeji hunisogelea kunisahihisha, na huwa nawaacha wamalize.

"Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhusiki na haya." Bruda Colm O'Connell, mtu wa Cork, alifika Iten, Kenya, 1976 kufundisha shule ya St Patrick's, akawa kocha, na kijana wake David Rudisha akaweka rekodi ya dunia mita 800, 1:40.91, tarehe 9 Agosti 2012. Wapi? London. Siku hiyo hiyo, mji huo huo, Katie Taylor wa Bray akachukua dhahabu ya ndondi kwa Ireland, ukumbi umejaa kijani, Waingereza na wao wanashangilia. Baba yake Katie kazaliwa Leeds. Mkenya yeyote anayekuja hapa naanza na hiyo, bia ya kwanza huwa silipi.

Na la mwisho, hili ndo linalowatia watu hasara kweli kweli kwahiyo soma mara mbili. "Nina viza ya UK, inatosha." HAITOSHI. Kwa paspoti ya Tanzania au Kenya unahitaji viza ya Ireland yenyewe, na ya Schengen nayo haikuingizi maana Ireland haimo Schengen. Ubalozi wao upo Dar na upo Nairobi, maombi unaanzia mtandaoni, anza mapema, tiketi ya mechi sio viza na mimi barua ya mwaliko ya siku tatu kabla siandiki. Na ukishafika Dublin ukatamani kupanda treni kwenda Belfast, njiani hutaona geti wala askari, simu tu ndo itakuambia mtandao umebadilika. Umeshaingia Ufalme wa Muungano, na hapo sasa ile viza ya UK ndo inahitajika. Kama huna, shuka Dundalk ukanywe chai urudi.